Namtoa kwa Furaha

Tangu Cheche apate habari kwamba naye yumo katika kundi la vijana wa kanisa wanaokwenda kambini ng'ambo, nyumba yao haikukalika. Msichana aliamka akiimba, akapiga mswaki akiimba, na povu lote likaishia kwenye kioo. Alitumwa chumvi akarudi na kiberiti. Alipoulizwa chumvi iko wapi, alijibu kwamba watoto wa kule kambini ni zaidi ya mia, na kwamba kuna ziwa. Mama yake alitikisa kichwa, akaenda kuazima chumvi kwa jirani, na alipofika kwa jirani akaisahau chumvi yenyewe na kuanza kusimulia habari za ziwa. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Hapa kisogo na mtazamaji walikuwa wamepagawa sawasawa.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Kanisa moja la huko ng'ambo huandaa kambi ya watoto kila majira ya joto, shule zikifungwa, na mwaka huu lilikuwa limeomba vijana wa kuja kusaidia: kuimba na watoto, kuwasimulia hadithi za Biblia, kucheza nao mpira, kuosha vyombo, na kuwapuliza magoti wakianguka. Cheche angeona mambo haya yote kuwa heri hata kama wangemwambia kazi yake ni vyombo peke yake. Lakini walimpa watoto wadogo kabisa, wale wa miaka sita na saba, na hadithi ya Yona. Tangu siku hiyo kila kitu nyumbani kikawa samaki. Beseni lilikuwa samaki, kabati lilikuwa samaki, na paka alikimbilia chini ya kitanda kwa kuogopa kumezwa.

Jina lake la ubatizo lilikuwa zuri tu, ila hakuna aliyelitumia. Hili la Cheche alilipata kwenye duka la baba yake, ambaye alikuwa fundi kufuli. Alipokuwa mtoto alikuwa akisimama kando ya mashine ya kuchonga funguo na kushangilia cheche zikiruka, na sasa, baada ya kumaliza shule, mashine hiyo aliiendesha mwenyewe. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye harufu ya mafuta na shaba, funguo zimetundikwa ukutani kwenye misumari kuanzia sakafuni hadi darini. Baba yake alikaa nyuma ya meza, tupa mkononi, vitasa vya watu vimefumuliwa mbele yake.

Fundi huyu alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Hakumpa mtu ufunguo mpaka yeye mwenyewe aujaribu mlangoni. Kama hukuleta kitasa, alifunga duka akakufuata kwa miguu hadi kwako, akaingiza ufunguo, akauzungusha, akaurudisha, ndipo akasema, "Umekubali." Siku moja mteja mmoja mwenye haraka zake alikuwa akilalamika.

"Fundi, si unipe tu niende? Nitajaribu mwenyewe."

"Ukijaribu mwenyewe, nitakuwa nimekuuzia kipande cha chuma," baba akasema huku akivaa viatu.

Ndivyo alivyokuwa katika kila jambo. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, alikuambia, "Ikinyesha nitakujulisha." Mkewe alizoea kusema kwamba siku aliyoposwa alimuuliza fundi kama anampenda, naye fundi akaomba apewe muda wa kuhakikisha. Alihakikisha kwa wiki mbili.

Sasa, kanisa lao halikumtuma mtu hivi hivi. Lilikuwa na desturi ya zamani kuliko hata jengo lenyewe. Jumapili ya mwisho kabla ya safari, anayetumwa hupiga magoti mbele, wazazi wake humwekea mikono kichwani, na kila mmoja wao hutamka kwa kinywa chake, kanisa zima lisikie, "Namtoa kwa furaha." Kanisa hujibu, "Nasi twamtuma." Asiyetolewa hatumwi. Inasemekana desturi hiyo ilianza baada ya mama mmoja wa zamani kumruhusu mwanawe aende kuhubiri mbali, kisha siku ya safari akalala kizingitini, kijana akakosa pa kupita. Wazee wakakata shauri kwamba ridhaa ya mzazi isikike mapema, tena iwe ya furaha, watu wasije wakaviziana milangoni.

Cheche alipokuwa mdogo aliwaona wengi wakitolewa. Yale maneno matatu yalikuwa yakitoka vinywani mwa wazazi kirahisi kama salamu, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi nayo hata kidogo. Wasiwasi wake wote ulikuwa kwenye mazoezi.

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa kanisa chini ya kijana mmoja aliyeitwa Filimbi, kwa sababu kila alipokwenda filimbi ilining'inia shingoni mwake. Alikuwa kiongozi wa kundi, mwanafunzi wa ualimu, na alikuwa amewafundisha kuitii ile filimbi kuliko wanavyowatii mama zao. Mlio mmoja, simama. Milio miwili, kimbia hapa. Mlio mrefu, chai.

Jumamosi moja Filimbi alileta hema. Kule wangelala kwenye mahema, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimamisha hata moja. Nje kulikuwa na mvua, basi wakaamua kufanya kazi hiyo ndani, juu ya sakafu ya saruji. Vigingi vikagoma kuingia. Cheche, ambaye akili yake ilikuwa ikichemka tangu asubuhi, akapiga makofi.

"Sisi wenyewe tuwe vigingi! Kila mtu ashike kamba yake, akae chini, avute!"

Wakakaa, wakavuta, na hema likainuka likasimama kama nyumba. Wakashangilia. Cheche akapiga kelele kwamba hili ndilo tumbo la samaki, watoto wataingia mdomoni na Yona atawasimulia gizani. Akaiacha kamba yake kwa kigingi mwenzake, akaingia, akaanza kusimulia kwa sauti nzito hadi hema likawa linatikisika. Wakati huo huo mchungaji, mzee wa mwili mpana na subira nyingi, akaja kuwajulia hali. Akaambiwa aingie aone. Akainama, akaingia tumboni mwa samaki, akakaa chini, na kusema hakika ni pazuri.

Filimbi akatazama saa. Akapiga mlio mrefu.

Vigingi vyote vikaachia kamba, vikaenda kunywa chai.

Ilichukua muda kumtoa mchungaji, kwa sababu kila aliyevuta alivuta upande wake. Cheche alikuwa chini ya turubai akicheka hadi mbavu zikamuuma, akisikia kando yake mchungaji naye akitikisika kwa kicheko. Mzee alipotoka, nywele zimesimama, alisema, "Yona alitapikwa mchangani. Mimi nimetapikwa kwenye saruji." Cheche alikwenda nyumbani mbio kwenye mvua, akiwa na hakika kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuwa na furaha kama yake. Siwezi kumbishia.

Jumatatu, dukani, alipokuwa akichonga ufunguo wa kabati, akamwambia baba yake bila hata kuinua macho, "Baba, Jumapili uvae lile koti la kijivu. Na maneno usiyasahau. Ni matatu tu."

Baba alikuwa akisugua jino la ufunguo kwa tupa. Akasugua, akapuliza, akasugua tena.

"Mkono nitauweka," akasema. "Maneno siwezi kuyasema."

Cheche akazima mashine. "Huwezi vipi?"

"Furaha sina, mama." Baba yake alimwita mama alipokuwa na jambo zito. "Nimeitafuta tangu ulipotuambia. Sina."

"Lakini baba, si ulisema safari ni nzuri? Si ulisema watu wenyewe ni wazuri?"

"Ni nzuri. Na watu ni wazuri. Sijasema usiende."

"Usiposema, siendi! Si unaijua desturi?"

"Naijua."

Cheche akasimama katikati ya duka, mikono kiunoni, asijue acheke au alie. Baba yake akaweka tupa mezani.

"Kaka yako alipokwenda kutafuta kazi," akasema polepole, "mama yako aliniambia nisimvunje moyo mtoto, nimwambie nimefurahi. Nikamwambia. Nilimwambia hapo hapo uliposimama wewe. Sasa unaona mwenyewe, anatupigia simu kama anayewajulia hali majirani. Mwaka jana nikamuuliza, mwanangu, mbona hata kuja huji? Akaniambia, 'Baba, si mlifurahi niondoke.' Hakusema kwa ubaya. Aliniamini tu. Nilimdanganya mtoto wangu, akaniamini. Siwezi kufanya hivyo tena, na tena kanisani."

Mtu mzima angesikia yote aliyoyasema fundi. Lakini sikio la ujana ni fupi, na Cheche alisikia jambo moja tu, kwamba haendi. Ziwa likakauka palepale. Watoto zaidi ya mia wakapanga mstari, wakamgeuzia migongo. Akavua aproni yake, akaitupa kwenye kiti, akatoka. Njia nzima alikuwa akisema peke yake kwamba baba anamwonea, kwamba wazazi wa wenzake wote wangesema, hata yule dereva wa lori mwenye sura ya kutisha angesema, ni baba yake peke yake katika dunia nzima anayepima maneno kwa mizani ya dawa.

Mama alipoambiwa, alikuwa akipiga pasi. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hata nyumbani pasi haikutoka mkononi mwake. Akalipiga shati la watu pigo moja la nguvu.

"Baba yako! Nimeishi naye miaka yote hii, bado ananishangaza. Maneno matatu! Watu wanasema maneno elfu kwa siku, nusu yake uongo, na hakuna aliyepasuka." Akaikalisha pasi. "Usilie. Mjomba wako yupo kwa kazi gani?"

Desturi iliruhusu ndugu yeyote wa damu kusema mahali pa mzazi asiyeweza, awe mgonjwa au awe marehemu. Kwamba fundi hakuwa mgonjwa wala marehemu, mama hakuona kuwa ni kikwazo kikubwa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa muuza magodoro, na maneno hayakuwahi kumpungukia tangu kuzaliwa. Angeweza kumuuzia godoro mtu anayesinzia amesimama. Alipopigiwa simu alicheka hadi simu ikakwaruza.

"Matatu tu? Nitamtoa mpwa wangu kwa furaha, kwa shangwe na kwa vifijo! Nitamtoa mpaka kanisa liombe kumnunua!"

Jioni, mezani, mama akamweleza mumewe. Fundi akasikiliza, akamega mkate wake, akasema, "Sawa. Mkono nitauweka." Cheche akashusha pumzi. Aliliona ziwa likijaa tena, maji yakipanda hadi ukingoni. Alimaliza chai yake kwa mkupuo mmoja akaenda kupanga sanduku ambalo lilikuwa limepangwa tayari mara nne.

Siku zilizobaki zilikuwa za kukimbizana. Mama aliazima sweta kwa kila mtu aliyewahi kusikia habari za baridi, hadi Cheche akawa na sweta za kuvalisha watoto wote wa kambi. Filimbi aliwafundisha wimbo wa vitendo, na siku ya kuuonyesha mbele ya watoto wa shule ya Jumapili wakagundua kwamba wameufanyia mazoezi kwa kumtazama yeye uso kwa uso, kwa hiyo yeye akienda kulia wao wanakwenda kushoto, na watoto waliowafuata wakagongana vichwa. Waliuanza upya wakiwa na siku chache mkononi, wakicheka, wakigombana, wakinywa chai kila filimbi ilipolia. Dukani Cheche alikwenda kama kawaida. Baba yake alimfundisha kufungua zipu ya hema iliyogoma, akampa na kipande cha sabuni cha kuipaka. Kuhusu maneno hawakuzungumza. Kama Cheche alijisikia vibaya kidogo, alikuwa na mengi ya kumfanya asahau.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Vijana walivaa fulana za njano, zote za ukubwa mmoja, kwa hiyo wengine walionekana wamevaa magauni na wengine wameazima kwa wadogo zao. Waliitwa mbele mmoja mmoja. Filimbi alikuwa wa kwanza. Mama yake, muuguzi mwenye sauti kavu, akaweka mkono na kusema, "Namtoa kwa furaha," kama anayemwambia mgonjwa ameze kidonge. Kanisa likajibu, "Nasi twamtuma." Akafuata binti wa dereva wa lori, na lile jitu la miraba minne likanguruma maneno yake matatu na kurudi kukaa haraka, benchi likalia. Wakafuata wengine. Vigelegele, makofi, kinanda. Cheche alikuwa wa mwisho, na zamu yake ilipofika moyo ulikuwa ukimdunda mpaka akahisi fulana ya njano inaruka kwa mbele.

Akapiga magoti. Mama akaja upande wa kulia, baba upande wa kushoto ndani ya koti la kijivu. Mjomba akasogea kutoka benchi la pili, akakohoa kidogo kusafisha koo, akasimama nyuma yao tayari.

"Namtoa kwa furaha!" mama akasema, na hapo hapo akapiga kigelegele kirefu ambacho hakikuwa kwenye desturi. Watu wakacheka wakamwitikia.

Kisha ikawa zamu ya baba. Mchungaji akasubiri.

Cheche alikuwa ameinamisha kichwa akitazama vigae. Alikuwa akisubiri sauti ya mjomba, na tayari nusu yake ilikuwa ndani ya ndege. Ndipo akauhisi mkono wa baba yake. Ulikuwa ukitetemeka. Aliujua mkono huo. Aliuona ukiingiza waya mwembamba ndani ya kitasa na kuzipapasa pini zake moja baada ya nyingine, mteja analia, watoto wamefungiwa ndani, jiko linawaka, na mkono haukutikisika hata mara moja. Sasa ulikuwa ukitetemeka juu ya kichwa chake hadi nywele zikawa zinasuguana. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kuufanya mkono huo hivyo, na kitu chenyewe kilikuwa yeye.

Mjomba akavuta pumzi. "Mimi, kwa niaba ya shemeji yangu mpendwa…"

"Mjomba, ngoja," Cheche akasema.

Kanisa likanong'ona. Anayetolewa hasemi, hilo nalo lilikuwa la desturi. Mama akamfinya bega. "We mtoto," akasema kwa meno, "nyamaza, safari yako hiyo inaondoka."

"Ngoja, mjomba, tafadhali. Namsubiri baba."

Alipokwisha kusema hivyo ndipo akajua alichokifanya. Baba yake si mtu wa kusema jambo ambalo halipo. Kama furaha haikuwapo, haikuwapo, na yeye alikuwa amemkalisha mjomba kwa mdomo wake mwenyewe. Mjomba kweli alikaa, mdomo wazi, na hilo lilikuwa jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona.

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama wamemaliza, akazibwa mdomo.

"Mchungaji," fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, watu wa nyuma wakainuka kusikia. "Namtoa. Hilo nalisema. Namtoa kweli. Lakini furaha sina. Nina hofu. Ninaogopa ndege, ninaogopa lile ziwa analoliimba, ninaogopa watu wa huko wasimwelewe, na ninaogopa wamwelewe sana, wampende, asirudi. Nimekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nikisema nina furaha nitakuwa nimemdanganya mtoto mbele ya Mungu, naye ataondoka akiamini. Basi namtoa hivi nilivyo. Kama kanisa linampokea hivyo, ni vizuri. Kama halimpokei, tutarudi naye nyumbani."

Kwa miaka na miaka kanisa lilikuwa likijibu bila kusikiliza, na sasa lilikuwa limesikia. Mchungaji akapangusa miwani.

Kutoka benchi la mbele yule muuguzi akasimama.

"Mchungaji, naomba kurudia yangu," akasema kwa ile sauti yake kavu. "Furaha hata mimi sina. Nilisema tu kwa kuwa ndivyo inavyosemwa." Akamwonyesha Filimbi kwa kidole. "Ni mmoja huyo. Sina mwingine."

Filimbi, kiongozi wa kundi, kijana aliyekuwa akiwaamrisha wenzake hata kunywa chai, akageuka kumtazama mama yake kana kwamba hakuwahi kumwona.

Benchi lingine likalia. Dereva wa lori alikuwa amesimama, akifuta uso kwa kiganja. "Mimi naendesha usiku na mchana sijui kuogopa barabara," akanguruma. "Lakini huyu binti… jamani." Akashindwa, akakaa. Nyuma yake mzazi mwingine akasimama, na mwingine, na minong'ono ikawa maneno, na maneno yakawa kilio na kicheko vimechanganyika. Ikaonekana kwamba katika lile kundi zima la wazazi waliotoa kwa furaha, karibu hakuna aliyekuwa nayo kamili.

Kisha Cheche akahisi tone la maji shingoni. Mama yake, aliyewatangazia majirani wote habari za ziwa, aliyeazima sweta mtaa mzima, alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na mabega yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Na wewe, mama?" Cheche akauliza.

"Unafikiri kile kigelegele kilikuwa cha nini?" mama akasema. "Nilikuwa nazuia."

Mchungaji akainua mkono mpaka watu wakatulia. "Basi tuanze upya," akasema. "Kila mzazi aseme kilicho chake. Tutachelewa, na tuchelewe."

Wakaanza upya, kuanzia kwa Filimbi. Muuguzi akamtoa mwanawe kwa machozi, na kanisa likasema, "Nasi twamtuma," lakini sasa polepole, kila neno likisikika. Dereva akamtoa binti yake kwa shida, alisema hivyo hivyo, kwa shida, watu wakacheka naye akacheka. Mzazi mmoja akasema yeye kweli ana furaha, wamsamehe, kwa kuwa kijana wake anakula sana. Zamu ya Cheche ilipofika, mama alimtoa kwa furaha nusu na hofu nusu, na akaapa kwamba amezipima.

Baba akaurudisha mkono kichwani. "Namtoa kwa hofu," akasema.

Kanisa likavuta pumzi ya kujibu, lakini Cheche, ambaye siku hiyo alikuwa ameshavunja desturi mara moja na hakuona ubaya wa kuivunja tena, aliinua uso wake. Alikuwa akilia, na wakati huo huo hakuweza kuyazuia meno yake yasionekane.

"Baba, furaha ninayo mimi," akasema. "Ninayo nyingi mno, hata silali. Inatutosha sote wawili."

Fundi akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Basi usiimalize yote huko," akasema. "Bakisha ya kurudi nayo."

"Nasi twamtuma," kanisa likajibu, na mjomba peke yake ndiye hakujibu, kwa sababu alikuwa ameficha uso kwenye koti lake akilia kwa sauti.